Nondo Mwenye Fuvu

Jumatatu, 12 Mei 2025
Mvua imekatika alfajiri. Nimetoka kuchuma asmini — majani ya upande mmoja yametafunwa yote! Chini ya tawi amekaa nondo mkubwa, karibu kiganja changu. Tumbo la manjano lenye mistari. Mgongoni ana alama ya fuvu la mtu: macho, pua, kila kitu. Nimecheka peke yangu. Sijacheka siku nyingi.

Mume wangu hakunywa uji. Vidonge vya TB amemeza, kimoja akakitapika. Shuaibu wangu amebaki mifupa.

Jumanne, 13 Mei
Wifi Esha amekuja kumjulia hali kaka yake, akakutana na nondo kwanza. Anasema huyo si mdudu, ametumwa, ndiyo maana dawa za hospitali hazishiki. Anataka Shuaibu apelekwe kwa mganga wake, kijijini Fukayosi. Huko vidonge marufuku mpaka tiba iishe! Nesi alishanionya: dozi ikikatwa ugonjwa unarudi mkali zaidi. Nimemweleza wifi. Kama naongea na ukuta.

Nikamwomba siku chache nitafute jina la nondo. Mdudu mwenye jina vitabuni hajatumwa na mtu. Amekubali kwa shingo upande.

Jumatano, 14 Mei
Nimefanya ujinga.

Jirani yangu Marselina anafundisha baiolojia; nilimwomba anitafutie jina, akataka picha safi ya mgongo. Nje manyunyu. Nikamtia nondo kwenye chupa ya jemu, nikaingia naye chumbani, kwenye mwanga wa dirisha. Kumgusa tu, akalia! Nondo analia — kama panya aliyebanwa na mlango. Shuaibu akainuka kitandani.

"Ummy, nani huyo?"

Nikasema mdudu. Akaniangalia kama mtu anayefichwa msiba. Jioni kavikataa vidonge. Nimembembeleza mpaka nikalia mwenyewe. Na aliyemwingiza nondo ndani ni mimi. Mimi!

Ijumaa, 16 Mei
Jibu limekuja. Marselina alisoma na mtu ambaye sasa ni mtaalamu wa wadudu, kamtambua mara moja. Acherontia atropos. Yupo sehemu nyingi za Afrika. Huiba asali mizingani, viwavi wake hula asmini, na kulia ndiyo kawaida yake. Hana habari na mtu. Nilimkumbatia Marselina mpaka simu ikamponyoka.

Wifi alikuwepo. Kasikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza Wazungu wanamwitaje. Marselina hajui kudanganya. Akasema: kichwa cha mauti.

"Basi hata wao wanajua," wifi akasema. Hata hakupandisha sauti.

Marselina kaeleza weee, kwamba ni kwa ajili ya ile alama tu. Lakini mimi nilikuwa natazama pazia la chumbani. Lilikuwa wazi. Shuaibu amesikia kila neno.

Jumamosi, 17 Mei
Hakumeza. Jana pia hakumeza. Nimempigia nesi, anasema nimlete Jumatatu. Jumatatu ni mbali jamani.

Jumapili, 18 Mei
Wifi kaja na gari la kukodi. Nimesimama mlangoni, nikasema bila vidonge sifungi hata nguo moja. Hakugomba. Kanishika mkono, kaniambia huyu ndiye kaka yake pekee, naye hataki kumzika. Bora angenitukana! Ningejua la kumjibu.

Nikasema basi aulizwe mwenyewe. Nilikuwa na hakika naye. Miaka yote hii hajawahi kwenda kwa mganga, hata mama yake alipougua alikataa.

Nikaingia chumbani. Ameketi ukingoni mwa kitanda. Tangu Ramadhani mimi ndiye ninayemvalisha, hata kofia. Leo amevaa viatu mwenyewe, na kamba amefunga. Anahema, lakini anatabasamu. Sikuweza kumuuliza.

Nimewaambia natafuta kanzu. Naandika nimesimama, nyuma ya kabati. Dereva anapiga honi. Shuaibu ananiita, anasema nifanye haraka — na sauti yake ina nguvu kuliko siku zote za ugonjwa.