Nilisema Shingo

Mama,

Shikamoo. Sijui kama salamu zinafika huko uliko, lakini nitaanzaje kusema na wewe bila hiyo?

Baba yupo. Kahawa bado anaipalilia mwenyewe na hashauriki. Bodaboda siku hizi zinafika kijijini kwetu Mkumbi hadi mlangoni. Na mimi mwanao ni mtaalamu wa mionzi, nawapiga watu picha za ndani ya mwili. Cheka tu, una haki.

Mwaka huu nilipelekwa India kusomea mashine mpya. Mgonjwa anadungwa sukari yenye mionzi kidogo. Kansa ni mlafi, inaila sukari hiyo kwa pupa, basi ilipojificha panang'aa. Hiyo ndiyo PET. Mashine moja imeioanisha na CT, ile ya eksirei, nyingine na MRI, ile ya sumaku. Kazi yangu ilikuwa kuweka sambamba picha za mwanamke yuleyule kutoka mashine zote mbili, niandike ipi imeona nini. Ya CT ni hodari kwa mapafu na tezi za mbali. Ya MRI inaona vizuri ndani ya nyonga, hadi unajua uvimbe wa shingo ya kizazi umeishia wapi, kama umegusa kibofu au bado.

Shingo ya kizazi. Nayaandika maneno hayo kutwa, Mama, na mkono haujayazoea.

Nesi wa zahanati yetu alinieleza mimi, kwa sababu Kiswahili chako kilikuwa cha sokoni tu. Alisema uende hospitali upesi ukapimwe shingo ya kizazi. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulipofika nyumbani tukamkuta Baba ameketi na Mjomba, wakauliza ugonjwa uko wapi. Nitaje kizazi cha mama yangu mbele ya kaka yake? Nikasema, "Shingo."

Ulinitazama. Ulijua damu inatoka wapi; kanga zako ulikuwa unazifua peke yako kabla hatujaamka. Ukajifunika vizuri mabega, ukasema, "Eee, shingo." Tukaingia jikoni wote wawili.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufungua hospitali zao, na Mbinga mjini zilichipuka kama uyoga. Baba akakupeleka kwenye moja yenye eksirei. Wakaipiga picha shingo yako, hii inayobeba kichwa. Ikatoka safi. Baba akachinja jogoo. Akina mama wa jumuiya ya kanisani wakaja kukuchua kwa mafuta, na wewe ukawainamishia shingo nzima isiyo na ugonjwa wowote. Mimi nilikuwa nashika chupa ya mafuta.

Ulipofikishwa hospitali kubwa, miezi ilikuwa imekwenda. Daktari alimwambia Baba kwamba kansa imeenea mwili mzima. Baba akaelewa kuwa ilianzia shingoni, na mpaka leo ndivyo anavyowasimulia watu. Huwalaumu wale wa eksirei kwamba hawakuona. Mimi nakaa hapohapo, naitikia.

Kinachonitafuna ni hiki: hukuhitaji mashine yoyote kati ya hizi ninazozilinganisha. Muuguzi mwenye taa na macho yake angeuona uvimbe ule mapema. Nimesoma hadi nikavuka bahari, na bado sina picha ya kumwonyesha yule msichana wa miaka kumi na minne afungue mdomo. Nina hasira naye. Namhurumia pia. Hakuna ninachoweza kumfanyia.

Siombi unisamehe, maana najua ungesema tuliyafanya wote wawili, na hilo nalo siliwezi.

Pumzika, Mama. Krismasi nakwenda nyumbani. Nitamwambia Baba ulikufa kwa ugonjwa gani, na nani alimnyima kuujua. Nimejaribu mara nyingi mbele ya kioo, sauti inakatika palepale. Lakini safari hii nitalisema neno lote, hata kama Mjomba atakuwa amekaa pale.

Ni mimi, mwanao.