Uzito Wako na Uzito wa Baba

Magwagwa, Nyamira
Jumapili

Kwako kaka yangu Mose,

Pokea salamu zangu na za Mama. U mzima huko Tabaka? Ogoti, yule mnunuzi wa vinyago vya mawe, alituambia amekuona ukipakia mawe kwenye lori na kwamba umekonda sana. Sisi tunaendelea, ila magoti yanamsumbua Mama siku za mvua. Nambari yako haipatikani tena, ndiyo maana nimempa Ogoti barua hii.

Kaka, sasa niko kidato cha tatu na ninasoma fizikia. Juzi mwalimu Onsongo alichora kapi ubaoni, kamba imepita juu yake, upande mmoja kilo themanini, upande wa pili hamsini. Akatuuliza itakuwaje zikiachiliwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilimwona Baba akiteremshwa kisimani, na wewe juu umeshika kamba, mwembamba vile ulivyokuwa.

Nilikokotoa hadi mwisho. Hamsini inapanda, themanini inashuka, na kasi inazidi. Baadaye nilimfuata mwalimu nikamuuliza, je, kama hiyo hamsini ni mtu, na amekaza mikono kwa nguvu zake zote? Alinieleza kwa upole kwamba kukaza mikono hakusaidii. Mtu asiye na pa kujizuia atainuliwa tu pamoja na kamba. Nililia mbele yake.

Siku ya mazishi uliniambia ungekuwa na nguvu zaidi, Baba angekuwa hai. Na Baba mdogo Nyabuto aliposimama kaburini akasema kijana ameachilia kamba kwa uzembe, uliinamisha kichwa. Kesho yake ukaondoka.

Juzi hiyo nilipotoka shule nilimweleza Mama hesabu ile. Alisikiliza akimenya ndizi, kisha akaweka kisu chini, akasema, "Nilimwona Mose. Miguu yake ilikuwa hewani."

Siku ile Mama alikuwa mlangoni pa jikoni, kaka. Alimwona Baba mdogo, aliyekuwa ameshika kamba pamoja nawe, akiiacha ili apokee simu, ukabaki peke yako. Alinyamaza kwa sababu shamba lilikuwa halijagawanywa, na aliogopa tungefukuzwa.

Jana, Sabato, alisimama kanisani akayasema yote, Baba mdogo akiwa ameketi mbele. Baba mdogo aliinuka akatoka. Leo asubuhi amekuja na watu kuweka mipaka. Majani chai yote yamebaki upande wake, sisi ametuachia kipande cha kule mtoni. Mama alisimama akitazama, hakubisha.

Ameniambia niandike kwamba hakuombi umsamehe. Anataka tu ujue kuwa alikuona.

Mimi ninakuomba uje. Ukishindwa kumtazama usoni, kaa nami jikoni. Hata mimi bado sijaweza.

Wasalimie unaofanya nao kazi. Mungu akutunze hadi tuonane.

Dada yako mdogo,
Mokeira