Kilio Kilichoishia Tumboni mwa Ndege

Kwa mdogo wangu Bisibisi,

Salamu zikukute umekaa, si umesimama, maana nakujua. Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Kifua kimepoa? Wifi aliponipigia simu nilikusikia nyuma yake unakohoa kikohozi cha mtu anayelala dirisha wazi. Lifunge. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananinunia asubuhi, ila yakishapata chai tunaelewana. Ningekueleza haya kwa simu, lakini kila nikipiga unasema uko bafuni. Hakuna mtu anayeoga hivyo.

Mwandiko huu si wangu, unajua mimi sikukaa darasani hata siku moja. Anayeandika ni mjukuu wangu, rubani wetu, yuko kitandani na mguu umeinuliwa juu ya mito. Aliposikia barua ni yako alitaka kuitupa kalamu. Nimemwambia kilichovunjika ni mguu, si mkono, aandike, asipunguze neno wala asiongeze.

Habari za hapa ni kwamba daktari amevitazama vile vyuma vya mguuni na kusema mfupa umeanza kushikana. Atatembea, ila kwa gongo kwanza, na hilo gongo ameshalitukana matusi ambayo nimemkataza kuyaandika. Mabaki ya ndege yamerudishwa bandani. Bawa moja limeegemea ukuta pale nilipokuwa naweka cherehani, na kuku wameligeuza nyumba yao. Nawafukuza, wananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Nikiingia humo nawakumbuka wewe na huyu mjukuu mlivyokuwa mkiiunda. Yeye anachomelea mabomba, mimi nashona kitambaa cha kuvalisha mabawa na kiwiliwili, wewe umejikunja ndani ya mkia kama paka ndani ya kikapu, miguu tu ndiyo inaonekana, unapitisha nyaya za redio na vipimo. Nakuita ule, unajibu bado waya mmoja. Huo waya mmoja wako, baba, haukuwa na mwisho.

Siku uliyofunga kile kisanduku cha rangi ya chungwa nilikuuliza ni cha nini. Ukanieleza kwamba ndege ikianguka kinaanza kulia chenyewe, kilio kinapita kwenye waya hadi kwenye antena iliyosimama mgongoni, kinapanda mpaka kwenye setilaiti, na watu wa uokoaji wanajua pa kwenda. Nikakwambia acha uchuro, huwezi kumchongea jeneza mtu anayekula akashiba. Ulicheka mpaka ukagonga kichwa. Mimi sikucheka.

Yaliyofuata unayajua. Injini ilizimika juu ya msitu, ndege ikaangukia vichakani, naye akalala humo usiku kucha, mguu umebanwa. Kisanduku kilikuwa kinalia nyuma yake na yeye anakisikia, anajiambia wanakuja, wanakuja. Hakuja mtu. Wakata kuni ndio waliomkuta, jua limeshakuwa kali, midomo imempasuka. Mkaguzi alipoyachungulia mabaki alisema kisanduku hakikuwa na kosa lolote, ila waya haukuwa umeshika kwenye antena, basi kilio chote kiliishia tumboni mwa ndege.

Halafu kile kikao cha sebuleni. Nivumilie nikitaje. Mjukuu alisema mbele ya ukoo mzima kwamba kabla ya kuruka alifanya kama ulivyomfundisha, akafungua kidirisha cha nyuma, akaingiza mkono, akauvuta waya na kuukuta umeshika, kwa hiyo ni wewe hukuukaza sawasawa ukafunguka angani. Akakuita mzembe. Wewe ulisema unakumbuka kuukaza. Baadaye ukasema unadhani uliukaza. Mwishowe ukabaki unavitazama vidole vyako kana kwamba umeviazima. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nikakumiminia chai. Ndicho nilichofanya, mdogo wangu, nilikumiminia chai, na wewe ukaniambia ahsante dada.

Sasa wifi ananiambia umefunga karakana. Wanaokuja na ndege zao uwafungie redio unawarudisha mlangoni. Usiku unafunga komeo, unalala, unaamka kulijaribu, unalala, unaamka tena. Ananiuliza mimi nini kimekupata, mimi ambaye ninajua.

Ni mimi niliyeuchomoa ule waya.

Kalamu imesimama. Nimemwambia aendelee kuandika, atanitazama vizuri nikimaliza.

Ulikuwa umemaliza kazi yako, umejaribu kila kitu, umekwenda kunawa, ukaniachia nishone kitambaa cha mwisho huko nyuma. Nilikuwa nimekuona unavyouzungusha waya kidogo tu mpaka unashika. Nikauzungusha kinyume, ukachomoka kirahisi kama kifungo cha gauni. Nikaubana pembeni, nikafunika. Akili yangu iliniambia ndege isiyo na cha kuililia haitaanguka. Nilishona huku naimba, Bisibisi. Nilijiona nimemkinga mtoto, kumbe nimemziba mdomo.

Na kuna la pili, linaniunguza vilevile. Waya niliuchomoa kabla ndege haijatoka bandani. Aliposema pale sebuleni kwamba aliuvuta ukawa umeshika, nilijua anadanganya. Sikuweza kumwumbua bila kujiumbua, nikanyamaza, tukakuangushia wewe mzigo wote, yeye kwa mdomo wake na mimi kwa birika langu. Ndiyo maana nimemtaka yeye hasa aandike. Jambo hili sina nguvu za kulisema mara mbili, na nyote wawili mlikuwa mnanidai kulisikia.

Mikono yako ni mizima. Haijasahau kitu. Mwenye mkono mbaya ni mimi, na mkono huo ndio uliokulea, sijui nitauficha wapi. Ukoo nitauita Jumapili, sebule ileile, viti vilevile, niseme kama nilivyokuambia hapa. Wewe fungua karakana yako. Na njoo. Sikuombi uje umenisamehe. Njoo umenuna, usinisalimie ukitaka, nitakuwekea chakula nikae chumba kingine.

Msalimie wifi, mwambie leo alale usingizi. Wasalimie watoto na watoto wao. Wote wa hapa wanakusalimu, isipokuwa huyu aliyeshika kalamu, zake ataziandika mwenyewe hapa chini.

Mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.

Babu, shikamoo. Sikuingiza mkono. Watu walikuwa wamejaa uwanjani wananitazama, nikaona aibu kuonekana napapasa mkia kama mtu asiyeiamini ndege yake. Kule msituni nilikuwa na usiku mzima wa kulijua hilo, na bado nikarudi kukuita mzembe. Bibi hajui kusoma, ningeweza kumwambia hapa nimekuandikia salamu tu. Nimemsomea.