Nilimchafulia Mzee wa Makaa Jina, Kumbe Feni Yangu Inazunguka Kinyume

Mpendwa Shangazi Ludmila,

Nina shida na wewe ndiye msaada uliobaki, ila ukianza kucheka tafadhali usimwambie mtu unacheka nini. Mimi si wa kuomba ushauri, kwa kawaida ndiye ninayeutoa, maana nimetembea, nilikuwa jeshi la wanamaji, nimekula Napoli na nimenyolewa ndevu Yokohama, na mtaani kwetu kitu kikiharibika wanasema mwiteni Kaz (majina yote nimebadilisha), na Kaz anakuja.

Oktoba feni ya jiko letu la makaa ya mawe, ile ya nyuma inayosukuma joto litoke lije sebuleni, ikaanza kulia kama paka aliyebanwa na mlango, mke wangu Berna akasema, "Kaz, baba yako alikuwa anaitia mafuta kila mwaka kabla ya kuwasha moto," nikamjibu, "Mama, mota si mjomba wako, haihitaji kinywaji," na wiki ya pili ikafa, imejaa majivu na manyoya ya mbwa, haijaonja tone la mafuta miaka sita. Nikanunua mota nyingine kwenye mnada wa vitu kuukuu, nikaifunga kwa dakika ishirini huku napiga mluzi.

Nyumba ikawa baridi. Jiko lenyewe limeiva jekundu lakini Berna anakula supu na koti mwilini, na hewa inayotoka kwenye feni ni kama pumzi ya mgonjwa. Berna akasema, "Angalia feni." Nikasema, "Mwanamke, mimi nimetengeneza injini za manowari." Nikasema tatizo ni makaa.

Makaa anatuletea Mzee Alfonsas, mwenye lori la kijani. Baba yangu alipolala kitandani na ugonjwa wa mapafu wa mgodini, mzee huyo alitumwagia makaa chini ya nyumba msimu mzima wa baridi na hakuwahi kugonga mlango kudai pesa. Huyo ndiye niliyemsimanga Ijumaa moja kwenye ukumbi wa zimamoto, watu wanakula chapati za viazi, bia mkononi, nikasema, "Alfonsas anatuuzia mawe ya mlima, makaa anabaki nayo mwenyewe." Wakacheka mpaka wakapiga meza. Shangazi, kichekesho kile kimetembea kuliko mimi. Sasa mzee akimwaga mzigo wanamuuliza, "Leo umeleta makaa au umeleta mlima?" na nusu ya mtaa wamehamia kwa muuzaji mwingine, na nasikia lori anataka kuliuza.

Halafu baada ya Krismasi nikaifungua feni niipanguse, nikaona kwenye kasha lake kuna mshale, nikaichomeka kwenye umeme, gurudumu linakwenda kinyume cha mshale. Nilifunga mota inayozunguka upande usio wake. Nikaagiza inayofaa, nikaifunga, na kwa makaa yaleyale, rundo lilelile, Berna akafungua dirisha kwa joto. Nikamwambia Berna kwamba mzee ameanza kuleta makaa safi.

Jumamosi mzee akaja na mzigo mpya. Akavua kofia, akasema, "Kaz, haya nimeyachekecha mara mbili kwa mkono wangu. Nyumba ikipoa tena niambie, nitakuja kuyazoa bila neno." Na mimi, Shangazi, nikamwambia, "Ya leo afadhali kidogo, mzee."

Silali vizuri. Je, nikae kimya, niwe namsifia polepole mpaka watu wasahau? Na kwa kuwa nimeanza kusema, ukweli ni kwamba kule melini nilikuwa namenya viazi.

Fundi Aliyepoa,
Kaunti ya Schuylkill, Pennsylvania

SHANGAZI LUDMILA ANAJIBU:

Kumenya viazi ni kazi ya heshima, ungebaki nayo.

Nakuhurumia, kwa sababu mtu asiye na moyo asingekumbuka ile kofia iliyovuliwa. Lakini kumsifia polepole ni woga uliovaa tai. Ulimwangusha mbele ya watu kwa sentensi moja, humwinui kwa kunong'ona.

Anza kwa mzee mwenyewe, asije akayasikia ukumbini. Nenda kwake, wewe ndiye uvue kofia, sema "nilikosea, nikajua nimekosea, nikakaa kimya," kisha ufunge mdomo, usitie mzaha. Akikufukuza, umefukuzwa. Ijumaa beba ile mota ya kinyume, iwashe mezani palepale, waonyeshe inavyozunguka. Watakucheka. Uliwachekesha kwa mgongo wa mzee, sasa toa wako. Berna mwambie kabla hujavaa viatu, naye atasema "nilikwambia," na utamjibu "ndiyo."

Na feni: moto ukizimwa masika, chomoa waya kwanza, piga mapanga brashi, tia matone matatu ya mafuta mepesi ya mota kwenye kila tundu lake la mafuta. Si mafuta ya kukaangia, si ya kupuliza ya kutoa kutu. Kama haina tundu, iache, imefungwa hivyo kiwandani. Ukinunua mpya, tazama inazungukia upande gani kabla hujalipa.

Fanya haraka. Majina umebadilisha, Kaz, ila kichekesho umekiacha vilevile, na hakuna asiyekijua. Gazeti hili linafika madukani asubuhi, na wabeba makaa hulisoma wakila mchana. Liweke chini sasa hivi. Una mpaka saa sita.