Taa ya Nyuma Isiyojua Breki

Shangazi Selpha mpendwa,

Tafadhali usinicheke kabla ya kufika mwisho. Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu, naishi na wazazi wangu Noonkopir, hapa Kitengela, na shida yangu ni taa ya nyuma ya pikipiki ya Baba.

Baba ni karani kiwandani, na kwa sababu mimi hupata alama nzuri za fizikia aliniambia, "Hebu, mama, nionyeshe karo yangu inafanya kazi gani," akanipa taa za LED alizonunua Nairobi, zile ndogo ndogo zinazong'aa sana bila kumaliza betri, ili nitoe balbu ya zamani niziweke hizo, nami nikakubali kwa kuwa nilikuwa nimesoma sura nzima kuhusu LED maktabani, nikaunganisha, zikawaka nyekundu hadi majirani wakatoka nje kutazama.

Shangazi, kitabu hakikusema kwamba nyuma ya pikipiki kuna nyaya tatu. LED zilikuwa na mbili. Ule waya wa tatu niliufunga kwa selotepu nikaurudisha ndani, nikiamini ni wa akiba. Siku tatu baadaye nikagundua ndio waya wa breki. Baba akifunga breki, taa haibadiliki hata kidogo.

Ningesema siku hiyo hiyo, lakini ilikuwa Jumapili, na kabla sijafungua mdomo Baba alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Mungu amempa binti injinia, watu wakapiga makofi, Mama akalia, na mchungaji akatangaza kwamba pikipiki yake pia italetwa kwangu. Sasa nitaanzaje kusema kwamba ule ushuhuda ulikuwa umebakisha waya mmoja?

Halafu jirani yetu Simel, ambaye hufuatana na Baba kila asubuhi kwa pikipiki yake, nusura amgonge kwenye matuta ya barabara ya Namanga. Alikuja nyumbani akifoka.

"Mzee, unasimama bila kusema? Taa yako haijui breki!"

"Simel, hizo ni LED," Baba akacheka. "Wewe umezoea balbu. Pole pole macho yatazoea."

"Macho yangu? Mimi naona ng'ombe akipunga mkia kutoka Isinya!"

"Kunywa chai, rafiki yangu."

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika birika. Nikamimina.

Kila Jumatano na Ijumaa Mama hubebwa na Baba kwenda mazoezi ya kwaya, na nyuma yao huja malori ya simiti. Nikisema, Baba ataaibika mbele ya kanisa lote. Nisiposema, silali. Nifanyeje?

Binti wa Fizikia, Noonkopir

*

Binti wa Fizikia,

Umejificha kwa jina hilo, halafu ukamtaja jirani, mchungaji, kwaya na ushuhuda. Kuna mtu Noonkopir ambaye bado hajakujua?

Pole, kwanza. Makofi ya kanisani ni mazito kuyarudisha. Lakini pole yangu inaishia hapo. Mama yako hakai juu ya heshima ya familia, anakalia kiti cha pikipiki, na dereva wa lori anayekuja nyuma hakuwa kanisani siku ya ushuhuda.

Usiniambie kitabu hakikusema. Mtu akikuta nyaya tatu mahali alipotarajia mbili, anauliza. Kitengela ina fundi kila kona. Ulimwonea haya, au ulimdharau kwa kuwa hajasoma ile sura?

Baba yako naye, kama anasoma hapa: Mzee, jirani akikwambia taa yako ni mbovu, usimpe chai, mpe sikio.

Sasa kazi. Rudisha balbu ya zamani leo, kabla pikipiki haijatoka. Kisha nendeni kwa fundi mtafute LED zenye nyaya tatu. Zikishafungwa, Baba ashike breki, na Simel asimame nyuma. Simel akisema ameona, hapo ndipo kazi imeisha. Pikipiki ya mchungaji usiiguse hata kwa kitambaa.

Kuhusu haya yako: kusema huwezi, lakini kuandika unaweza, maana umenijazia kurasa nne. Muhuri wa posta unaonyesha barua hii ilichukua siku tisa kunifikia, na gazeti nalo lina siku zake. Mazoezi ya kwaya ni mara mbili kwa wiki. Wewe ni mtu wa hesabu, piga hiyo. Mistari miwili tu juu ya kiti cha pikipiki ingemfikia Baba kabla hajavaa koti.

Iandike sasa hivi. Na funguo uzishike wewe mpaka amalize kusoma.