Usiniite Tena Mudogo

Kashikishi, tarehe 9 mwezi wa tano 2024

Kwa yaya yangu, mukubwa yangu Baudouin,

Jambo sana, yaya. Afya iko je huko Kitwe? Ile kikohozi ya vumbi ya garaji ilisha? Huku tuko bazima, Mungu eko natuchunga. Mama Claire mwenye alinizala, magoti inamusumbua, lakini kinywa yake haina ugonjwa hata moja.

Barua hii ninamupatia Mwewa, ule wa kuuzisha samaki, akuletee. Ni mambo yenye haifae kusema mu telefone mbele ya soko yote.

Yaya, bamama balikaa kikao. Tangu mama yako Rosalie alituacha, mwaka ilisha kupita, na jina yake ingali inatembea bila mutu. Mu mwezi wa munane, wakati ya mukutano mukubwa ya kanisa, jamaa yote itakusanyika, hata bale ya ng'ambo, bale ya Pweto. Siku ya posho tutafanya kupyana: batakalisha mutu ku mukeka, atakunywa maji, na kuanzia ile saa ataitwa Rosalie, atachukua fasi ya mama. Kesho yake, siku ya yenga, siku ya kusali, pasteur atamuombea mu kanisa.

Ku maziko haukufika, mvua ilikata barabara, hakuna mutu anakulaumu. Lakini hii siku, kuya, ufike. Mama Claire alinizala, lakini dada yake mukubwa Rosalie njo alinilea, mi na weye mu nyumba moja. Sipendi kumuaga bila weye.

Mudogo yako,
Keren


Kitwe, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Mudogo yangu Keren,

Jambo, mudogo. Kikohozi ingali, lakini hata patron ya garaji eko nakohoa, basi tuko sawa. Mama Claire umupe pole ya magoti. Ya kinywa, tumuachie Mungu.

Barua yako ilifika na harufu ya samaki. Niliinusa sawa mujinga mbele ya bafundi, bakanicheka. Keren, hamu ya kwetu inanimaliza. Asubuhi hapa ni malori tu, lakini ku moyo ninasikia bamama ya Kashikishi banagombania samaki badogo ya chisense ku muchanga. Ninaona chorale ikitoka ku kanisa na kuimba mupaka ku lupango, ku kiwanja yetu, mama eko mbele, viatu mu mukono, na sauti yake inapita ya bote. Kisha bukari na mboga ya sombe, ndugu bote mu sahani moja. Hapa ninakula peke yangu. Mutu akikula peke yake, chakula inapoteza chumvi.

Nitakuya. Nani atapata jina? Kama ni mama Claire, tulikwisha, atatuongoza na fimbo. Uambie bamama bangoje nifike. Na weye usinibishe, mi njo nilikubeba ku mugongo kutoka Pweto siku ya vita.

Yaya yako,
Baudouin


Kitwe, tarehe 28 mwezi wa munane 2024

Mudogo Keren,

Jambo. Mukutano ilipita muzuri? Bote ni bazima?

Sikukuya. Patron alikatala ruhusa, garaji ilijaa magari. Uniombee bamama musamaha. Uniandikie yote: nani aliimba, nani alilia, jina ya mama ilienda kwa nani. Nitaona na macho yako.

Yaya yako,
Baudouin


Kitwe, tarehe 30 mwezi wa kenda 2024

Mudogo,

Jambo, hata kama haunijibu. Mwewa alifika mikono mitupu. Nilimuuliza, akasema: "Alisoma barua yako, akaikunja, akanirudishia." Na kweli aliitoa mu mufuko, akanipatia.

Nilikukosea nini, mudogo? Kama ni hasira, unitukane, nitasikia. Lakini usininyamazie. Mu ile nyumba hakuna mutu aliwahi kuninyamazia.

Yaya yako,
Baudouin


Kashikishi, tarehe 20 mwezi wa kumi 2024

Kwa mutoto Baudouin,

Jambo. Unakula muzuri? Kikohozi ulionyesha munganga, ama ungali kichwa nguvu?

Si hasira. Barua ile niliipenda, lakini haikukuwa yangu. Bamama balinikataza kujibu mutu mwenye ananiita mudogo.

Ni mimi balikalisha ku mukeka. Hata mi nilifikiri itakuwa mama Claire. Nilikuwa ku jiko nasonga bukari, bakaniita na unga ku mikono. Tulikungoja kwanza. Kila basi ya kutoka kwenu kupitia Mansa ikifika, tunatuma mutu barabarani aangalie. Jua ikaenda, bamama bakasema jina haiwezi kulala inje tena. Nikakunywa maji, na Keren akaisha.

Sasa mama Claire, mwenye alinizala, njo ananiita yaya, sawa mi ni mukubwa yake. Akitaka sukari yangu anaiomba na heshima. Tunacheka, kisha tunalia. Bazee ya kanisa, batoto ya shule ya yenga, bote bananiita Rosalie, bananiita mama, nilisha kuzoea. Weye peke yako unaniita mudogo. Na kila mara unaniita vile, ni sawa unasema mama hakuacha mutu.

Ninajua patron hakukatala. Mwewa alikuona ku stesheni ya basi na valize yako ya nguo, kisha ukageuka ukarudi. Sikuulizi kitu.

Siku ya Noeli, kisha ya ibada, batoto bote ya mama banakula chakula kwangu. Weye ni mutoto ya mama. Usiniite tena mudogo.

Mama yako,
Rosalie


Kitwe, tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2024

Kwa mama,

Jambo. Ninakula, lakini kidogo. Kikohozi ilipungua, munganga alinipatia dawa.

Barua hii niliianza na kuipasula mara mingi, sababu neno ya kwanza ilikuwa inakatala. Huko mulimuona akishuka mu udongo. Mi, siku ya ile telefone ya kifo yake, nilirudi chini ya gari, nikaendelea kukaza vis na spana. Sikulia. Na sababu sikuona kaburi, ku kichwa yangu angali ananingoja, ni mi tu njo ninakawia. Pale ku stesheni nilielewa: nikipanda basi nitafika, na yeye hatakuwa pale. Njo miguu ilikatala.

Leo niliandika "mama" ku barua yenye inaenda kwako, na kilio ikanikamata. Nililia mupaka bafundi bakazima mashini, bakakuya kuniuliza nani alikufa. Nikabaambia: mama yangu. Bakanipa pole sawa ni ya leo, na kwangu ni ya leo kweli.

Tiketi nilisha kukata. Nitafika mbele ya Noeli. Lakini usinipakulie chakula kwanza, wala tusiende kwanza ku kanisa. Unishike mukono, unipeleke ku kaburi ya mama. Peke yangu sitaweza, mama.

Mutoto yako,
Baudouin