Maneno Niliyomfundisha Kalume

Kindu, mtaa wa Waungwana,
Mfunguo Pili, mwaka wa Hijra 1314

Mpendwa kaka yangu Sudi, huko Ujiji,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na wifi yangu Riziki na watoto. Je, kile kikohozi kimekuacha? Mama anauliza kila wageni wa Ujiji wanapoingia mjini. Yeye hajambo, ila miguu inamvimba. Mimi mwili ni mzima. Mpunga tumevuna, wanawake peke yetu.

Naandika kwa mkono wangu, kwa zile herufi alizotufundisha baba, maana habari hizi sikutaka uzisikie kwa mpita njia.

Mdogo wetu Abedi hayupo hapa. Amekwenda upagazi bila kupenda, na aliyemtoa ni shemeji yako Kalume, mume wangu.

Unamkumbuka Kalume alivyokuwa. Nyumbani alizungumza vizuri, lakini mbele ya watu macho yalimwanguka miguuni na sauti ikapotelea kifuani. Mwezi wa Rajabu mzungu wa boma alitaka wanaume wa mtaa wetu wabebe mizigo mpaka Mtowa, ukingoni mwa ziwa. Wazee wakamchagua Kalume atusemee barazani, kwa kuwa anafanya kazi bomani na anaijua tabia ya mzungu. Akanijia akasema, "Hadidja, unifundishe. Baba yako alikuwa anafungua njia kwa maneno."

Ni kweli. Baba alipokuwa msemaji wa msafara, mimi nilikaa nyuma yake nikisikiliza. Basi nilimfundisha Kalume huku natwanga. Nilimwambia asimame kwanza, anyamaze mpaka watu watulie. Amtazame aliyekaa mbali kabisa, maana sauti hufuata macho. Aanze na kile ambacho watu wanakiogopa, wajue amewasikia. Ashike neno moja tu. Na likifika lile neno zito, aishushe sauti, asiipandishe.

Abedi alikuwa akija kula kwetu. Anakaa kwenye kirago kama ndiye baraza nzima, anacheka: "Sikusikii, shemeji. Anza tena." Na Kalume anaanza tena. Neno tulilopatana lilikuwa hili: mpunga uko shambani, wanaume hawatoki.

Siku ya baraza wanawake tuliketi nyuma kabisa. Kalume akasimama, akanyamaza mpaka hata watoto wakatulia, kisha akanitazama mimi. Kaka, nilijivuna.

"Ninajua munaogopa," akasema. "Munaogopa watoto watalala njaa. Munaogopa wanaume hawatarudi." Watu wakaitikia kwa sauti moja. Ndipo akashusha sauti, palepale nilipomwonyesha. "Njo maana nawaambia, tuwatoe wenyewe. Tukikataa, boma litachukua kila muntu. Tukitoa wachache, watarudi mbele ya mavuno."

Nilidhani amepotea. Nikangoja arudi kwenye neno letu, na hakurudi. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Walipouliza ni nani watakaoanza, akamtaja Abedi, ili waone anatoa nyumbani kwake.

Nikainuka. Sikungoja kimya. Nilipiga kelele, nikachanganya mpunga na ndoa na jina la marehemu baba, nikamtazama Kalume peke yake na kuwasahau wengine wote. Yote niliyomkataza niliyafanya mimi. Mzee mmoja akasema taratibu, "Mwanamuke amechoka, mumupeleke nyumbani." Wakanipeleka.

Jioni Kalume alirudi amevaa kofia nyekundu ya unyampara. Mkuu wa boma alikuwa amemwahidi cheo kile kabla hajaniomba nimfundishe. Alinieleza mwenyewe, bila aibu, huku anakunywa maji. Kisha akaniuliza, "Nilisema vizuri?"

Nikamjibu, "Ulisema vizuri." Nikakunja mkeka wangu, nikarudi kwa mama. Niko kwake mpaka leo, na wazee wametumwa kunirudisha nami nimekataa.

Mavuno yamepita na hakuna aliyerudi. Hata hivyo watu bado wanamsifu Kalume kwa ile hotuba, na mbele yangu wanasifu zaidi, wakidhani wananifurahisha.

Lakini hayo siyo yanayonikosesha usingizi. Asubuhi waliyoondoka nilimpelekea Abedi wali niliomfungia kwenye majani. Hakuupokea. Alisema, "Dada, ile namna ya kusema naijua. Ni yako." Akajitwika mzigo, akaingia kwenye mstari. Nilimwita kwa jina, hakugeuka.

Kaka, wapagazi wengine huvushwa ziwa kutoka Mtowa mpaka kwenu. Nakuomba uulize kila msafara unaposhuka. Ulimwacha akiwa mdogo. Sasa ni mrefu kuliko baba, na kasia lilimwachia kovu kwenye nyusi ya kushoto. Ukimpata, mpe chakula kwanza. Kisha mwambie sikujua. Usimpambie wala usinitetee. Mwambie hivyo tu, umtazame usoni, unyamaze mpaka akujibu. Na jibu lake, liwe lolote, uniletee.

Mama anakusalimu, na ba mdogo Feruzi, na jirani zetu wote waliokujua. Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu. Mola ailinde nyumba yenu na wote walio njiani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja,
Hadidja